Mikono Iliyotetemeka

Dada yangu Verna,

Theluji ya Ohio imeyeyuka, na pai yako ya tufaha tuliimaliza siku ileile ilipofika. Jumanne mikono ilinitetemeka kazini, nikaharibu bawaba nyingi. Marit, mwenye kiwanda, akazima mashine, akaketi kando yangu.

"Odell, imeanza lini?"

"Tangu Krismasi. Nifukuze tu, bosi."

"Nikufukuze uende wapi, mzee? Kuanzia kesho utawafundisha wapya."

"Sitaki kuhurumiwa."

"Nani kakuhurumia? Nataka vidole vyao vibaki kumi kumi."

Nilicheka, kisha nikalia mbele ya wenzangu. Hakuna aliyenidhihaki. Jumatatu Marit atanipeleka kwa daktari.

Kiwandani nimeweza kusema, nyumbani bado. Njoo, dada, nimwambie mke wangu ukiwapo.

Mdogo wako,
Odell