Kadi Fupi kwa Nyumba ya Bibi

Jumanne, 8 Julai. Handeni

Asubuhi choo cha mteja wa Kabuku, mchana vyumba vitatu vya mwalimu mmoja. Ndiyo kazi yangu, kuchora ramani za nyumba ambazo sitalala ndani yake. Kompyuta imeganda tena. Nilikuwa nainua paa tu, paa likabaki hewani. Nikazima, nikawasha, nikanywa chai, nikatukana kidogo.

Kisha simu ya Baba Mkubwa kutoka Dar. Kikao cha familia ni Jumapili ya tarehe 20, kwa Bibi, Kabuku. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya Bibi umepasuka, na wanawe wamechanga kumjengea mpya. Nimeshamchorea ramani mbili. Zote anazishika, anazigeuza, anasema nzuri, halafu anasema hapana. Baba Mkubwa amechoka. Bibi akikataa na ya tatu, anamhamishia kwake Dar.

Nikamjibu kwamba safari hii sileti karatasi. Nitamwingiza Bibi ndani ya nyumba kwenye televisheni, atembee chumba kwa chumba. Nimeahidi hayo kwa kompyuta iliyoshindwa na paa la choo. Mdomo wangu huu utaniponza.

Sitaki Bibi aende Dar. Naandika wazi: sitaki. Atapewa chumba kizuri chenye feni, na geti linalofungwa kutwa.

Jumatano, 9 Julai

Rashidi, anayehariri video za harusi chumba cha pili, amenifungulia mashine. Haina kadi ya picha. Kazi yote ya kuchora kuta, vivuli na madirisha inafanywa na ubongo uleule unaofanya mengine yote. Dawa ni kuipachikia kadi.

Tatizo ni mwili wake. Ni ile kompyuta bapa ya maofisini, nimeinunua ikiwa imeshatumika. Naipenda kwa sababu inaingia kwenye kikapu. Nakwenda nayo mpaka kwa mteja, nachomeka kwenye televisheni yake, biashara inaisha hapohapo. Rashidi anasema nitupe hilo sanduku la mkate ninunue mashine ya watu wazima. Nimekasirika kweli. Sanduku la mkate ndilo linalonilipia kodi.

Tumeangalia kwenye simu yake kadi zilizopo duka la Korogwe. Kuna dude moja lenye feni mbili, limetumika, lina nguvu. Kuna nyingine fupi, feni moja, mpya, nguvu za wastani. Bei karibu sawa.

"Chukua dude, dada. Litapiga kazi balaa."

Nimechukua rula nikapima ndani ya mashine. Urefu, inaingia. Upana, inaingia. Nimelala raha.

Alhamisi, 10 Julai. Korogwe

Duka la Bi Zarina. Familia yake ina asili ya Kihindi, wako hapa tangu enzi za babu zao, na kompyuta yenyewe niliinunua kwake. Nikamwamkia, akaziweka kadi zote mbili kaunta. Akasema kwa mashine yangu angechukua fupi. Kubwa inakula umeme mwingi.

"Umepima vizuri, mwanangu?"

Nikamwambia kazi yangu ni kupima. Nikachukua kubwa. Ile fupi ilionekana kama mtoto wake. Njia nzima nimeipakata kadi yangu, natabasamu peke yangu. Abiria wa pembeni akahamia kiti kingine.

Ijumaa, 11 Julai

Haiingii.

Urefu sawa, upana sawa, lakini kimo! Kadi inasimama wima, na kimo sikupima. Mfuniko haufungi. Miaka yote nachora nyumba kama kunguru anavyoziona, kutoka juu, basi na hii nimeipima kutoka juu. Isitoshe inadai waya wake wa umeme, na mashine yangu haina waya wa ziada.

Rashidi alicheka mpaka akakaa chini. Yeye ndiye aliyeniambia nichukue dude. Sasa anashauri niache mfuniko wazi. Wazi, kwa vumbi la Handeni na kuku wa mama mwenye nyumba! Nimemfukuza chumbani kwangu. Najiona mjinga.

Jumamosi, 12 Julai

Nimefua.

Jumatatu, 14 Julai. Korogwe tena

Kwenye ukuta wa Bi Zarina kuna tangazo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudi. Nalijua, alilibandika mimi nikiona. Basi kwenye gari nilijiandalia maneno, na kila kituo nikayaongeza makali. Nimefika nimeiva.

Nimeweka dude kaunta. Kabla sijafungua mdomo akainama, akatoa kadi fupi chini ya meza. Imefungwa raba, na karatasi yenye jina langu. Aliiweka pembeni tangu Alhamisi. Dude akalirudisha kabatini.

Hasira zote zikakosa pa kwenda. Nimeishia kunywa chai yake ya tangawizi na kumsifia mtandio.

Fupi ina kimo kidogo, na haina waya wa pembeni. Inapata umeme palepale inapochomekwa. Iko dosari moja. Bati lake la kufungia nyuma ni la mashine ndefu, na lile bati dogo limepotea dukani. Akaniambia nisiogope, bati ni bati. Nimekumbuka mafundi geti wa mtaani kwetu.

Jumanne, 15 Julai

Nimelifungua bati kwenye kadi, nikampelekea fundi wa mageti. Akalishika kwa vidole viwili akauliza kama naweka geti la panya. Akakata, akakunja kwa koleo, mimi nikalisugua kwa msasa mpaka likakaa. Mfuniko umefunga! Nimeufungua na kuufunga tena kwa raha tu.

Nikawasha. Nikainua paa, likainuka. Nikazungusha nyumba nzima, ikazunguka kama chungu mkononi mwa mfinyanzi. Nimepiga kelele, Rashidi akaja mbio akidhani nimepigwa shoti. Nikamsamehe, tukacheza.

Ukweli uandikwe: dude lingekuwa na kasi zaidi. Nimepunguza ubora wa vivuli na kung'oa miti yote. Lakini inaingia kwenye kikapu, na kikapu ndicho kinachokwenda Kabuku.

Alhamisi, 17 Julai

Nyumba ya Bibi imekamilika. Sebule, vyumba viwili, choo ndani, jiko lenye mlango wa kutokea nje. Nimeweka kinu chake pembeni. Nimepaka mlango kijani.

Naogopa. Naweza kumwonyesha kila kitu kikiwa kinang'aa na bado akasema hapana. Hapo sitakuwa na kisingizio cha mashine.

Jumapili, 20 Julai. Kabuku



Kikapu nilikipakata njia nzima. Baba Mkubwa alishafika, na baba wadogo wote wawili. Bibi akanipokea na utani wake wa siku zote.

"Mke mwenza, umeniletea nini leo? Au umekuja kulala kwangu?"

Baada ya pilau nikachomeka kwenye televisheni. Tukaingia mlango wa mbele. Bibi akavua kandambili! Sebule akaisifu. Chumbani akauliza kitanda kitapitaje, nikamwonyesha. Chooni akacheka. Nikashusha pumzi. Halafu akajiegemeza.

"Nzuri sana. Ila hapana."

Baba Mkubwa akasimama. Akasema kwa adabu, lakini akasema, kwamba basi mama afunge vitu vyake, wiki ijayo gari linakuja. 

Bibi alikuwa bado anaangalia televisheni. Akanigusa goti.

"Hebu nitoe kwa jikoni."

Nikamtoa. Tukasimama mlango wa jiko. Mbele yetu nyasi tupu.

"Mwanjaa yuko wapi?"

Bi Mwanjaa ni jirani yake. Waliolewa hapa mwaka uleule, na kila asubuhi wanaamkiana na kutaniana kutoka mlango wa jiko hadi mlango wa jiko. Kwake sikupachora. Nilichora kiwanja chetu tu, na mlango wa jiko nikauelekeza shambani ili moshi uende na upepo. Ramani zote tatu.

"Nilijua kuna kitu kimenigeuka," Bibi akasema. "Kwenye karatasi sikuona ni nini."

Nikachora boksi upande wa kushoto, nikaliita kwa Bi Mwanjaa. Nikaishika nyumba ya Bibi na kuizungusha, yote, na paa lake na choo chake. Nikiomba Mungu isigande. Feni ikalia. Haikuganda. Jiko likaja polepole mpaka likatazamana na boksi.

"Hapo! Shusha!" Bibi akapiga kelele kama abiria aliyekaribia kupitishwa kituo.

Wote wakacheka, hata Baba Mkubwa, ingawa alijaribu kujizuia. Akamuuliza mama yake kwa nini hakusema siku zote hizo.

"Nyie mmeniuliza vigae."

Baba Mkubwa amekaa. Gari haliji. Nimetoka nje kwenda kulia kidogo nyuma ya banda la kuku. Furaha tu.

Jumatano, 30 Julai. Kabuku

Fundi amepigilia vigingi na kufunga kamba za msingi, kisha akaenda kunywa chai. Upepo kidogo. Baba Mkubwa amerudi Dar.

Bibi alikuja na fimbo yake. Hakuruka kamba. Alizunguka mpaka palipo mlango wa mbele, akaingia, akapita sebuleni, akakata kona ya korido, akatokea jikoni. Akasimama kati ya vigingi viwili vya mlango.

"Mwanjaa! Umeamka?"

"Nimeamka. Nani kakwambia nimekufa?"

Wala hakuna aliyepaza sauti. Bibi akaegemea fimbo na kuanza kumweleza jiko litakavyokuwa, sufuria hapa, kuni pale. Nikakaa juu ya tofali kuwasubiri wamalize. Fundi akarudi, akaniangalia, akakaa na yeye.