Mke Wangu Anajifungua Msimu wa Alizeti, Nikikaa Nyumbani Nani Atakamua?

Mpendwa mshauri Bi. Bernadina,

Shikamoo. Msaada ninaoomba si wa fedha, fedha nimezoea kuzitafuta mwenyewe tangu nilipotoka kijijini kwetu Daudi na shuka moja na shati la kubadilisha, nikabeba magunia hapa Katesh miaka miwili, nikaosha mashine, nikaijua mashine, na leo mimi ndiye fundi wa kukamua alizeti kwa mzee mmoja mfanyabiashara, na sijawahi kumgongea jirani mlango nikiomba hata chumvi. Naomba unisaidie mawazo, maana safari hii hesabu imenigomea, na mimi hesabu huwa hazinigomei.

Mke wangu, mama Lucia, ni mjamzito, zimebaki wiki saba, na kwa kuwa Lucia alizaliwa kwa upasuaji daktari amesema na huyu atakuja kwa njia hiyo hiyo, tarehe tumeshapewa, na tarehe yenyewe inaangukia katikati ya msimu, wakati magari ya alizeti yanapanga foleni mpaka barabarani.

Mshahara wangu ni laki mbili na sitini kwa mwezi, lakini huo ni wa unga na kodi ya nyumba tu, maisha yangu yapo kwenye magunia, kwa sababu kila gunia likikamuliwa napata mia tano juu ya mshahara, na msimu ukichanganya tunakamua gunia arobaini kwa siku, hiyo ni elfu ishirini, kwa hiyo nikikaa nyumbani wiki mbili, yaani siku kumi na mbili za kazi, nimetupa laki mbili na arobaini, na hapo sijamtaja Gidamis, msaidizi wangu ambaye nimemfundisha mwenyewe, ambaye akiishika ile mashine wiki mbili sijui kama ataiachia.

Nikamwambia mama Lucia aende kujifungulia kwao Gehandu, mimi nibaki kazini nitume fedha. Akaacha kukoroga mboga akanitazama.

"Mama yangu anamuuguza baba tangu Krismasi, hata kugeuka kitandani anageuzwa. Unampelekea mgonjwa wa pili?"

"Nitatuma ya matumizi kila wiki, hutapungukiwa kitu."

"Baba Lucia, mara ya kwanza ulinitumia elfu ishirini kwa simu. Nilikuwa nataka mtu wa kunishika niinuke. Hiyo elfu ishirini ningeishikaje?"

Roho iliniuma, kwa sababu mara ile hata mimi niliumia, mtoto alikuwa na siku tisa nikiwa kazini, mama yake akabeba ndoo ya maji, mshono ukafumuka, tukarudi hospitali, nikatoa laki tatu na kumi pamoja na gari, fedha niliyokuwa nimeweka ya mabati. Nimempigia mama yangu mzazi huko Daudi aje, akasema, "Mwanangu, miguu hii hata kanisani inafika misa ikiwa imekwisha."

Basi nikaenda kwa mzee. Nimesoma mpaka la saba tu lakini naandika vizuri, nikaandika barua ya kuomba ruhusa ya kuuguza, wiki mbili. Akaisoma, akavua miwani.

"Fundi, mkeo anaumwa?"

"Haumwi mzee, anajifungua."

"Sasa unamuuguza nani? Kuzaa si ugonjwa, fundi, ni baraka. Ruhusa ya kuuguza siwezi kukupa, nitakuwa namwombea mkeo maradhi. Nenda siku ile ya kuzaa, urudi kesho yake. Siku hiyo sitakulipa, lakini sitakufukuza."

Nilipotoka, Gidamis alikuwa ameshasikia. "Jamani, fundi anakwenda kunyonyesha! Mtafutieni kanga!" Watu wakacheka, mpaka wale wa kule kwenye mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa.

Mimi nimeudhika. Miaka sita sijachelewa kazini, likizo yangu ya mwaka namuuzia mzee kila mwaka, hata hii ya mwaka huu nataka kumuuzia nimalizie mabati, na bado nikiomba siku chache naonekana mtu wa ajabu. Je, nimlazimishe mke wangu aende kwao, au niache kazi msimu uishe nitafute nyingine? Maana kati ya magunia na mke naona lazima nipoteze kimoja.

Ni mimi,
Fundi wa Mashine, Katesh

*

Fundi, marahaba.

Pole kwa kuchekwa. Huyo Gidamis kanga ataitafuta mwenyewe siku yake ikifika. Lakini pole yangu inaishia hapo, kwa sababu mzee wako alikujibu sawasawa na ulichomuuliza. Uliomba ruhusa. Ruhusa ni hisani, mtu anaweza kukupa, kukunyima au kukukatia nusu, na ukatoka unashukuru. Tena ukaomba ya kuuguza, kwa mwanamke ambaye haumwi! Hapo hata mimi ningevua miwani.

Neno ulilotakiwa kuandika ni likizo. Sheria ya kazi ya nchi hii inampa baba siku tatu zenye malipo mtoto wake anapozaliwa, mradi azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku hizo hazina uhusiano na ugonjwa wala na roho nzuri ya tajiri. Tatizo ni kwamba mkeo akipasuliwa zitaishia wodini, na kazi yako inaanzia nyumbani. Kwa hiyo unganisha na likizo yako ya mwaka. Sheria inakupa siku ishirini na nane, na wewe kila mwaka unazigeuza bati. Mwaka huu usiuze. Mabati hayaozi dukani.

Sasa tuzungumze hesabu, maana umejisifu nayo. Ukiwa likizo mshahara unaendelea, kinachosimama ni magunia tu, laki mbili na arobaini kama ulivyosema. Sikatai. Lakini mara ya kwanza ulikwenda kazini, mkeo akabeba ndoo, ukatoa laki tatu na kumi. Barua nzima umeandika hasara ya kukaa, na ile ya kutokukaa umeilalamikia kama mvua ya mawe, kana kwamba imetoka mbinguni. Fundi, ilitoka kwenye ndoo ambayo wewe hukuwepo kuibeba.

Bado una wiki saba, na alizeti imeanza kuingia. Katika fedha ya magunia tenga elfu tano kila siku ya kazi, mpe mama Lucia aiweke yeye. Mpaka tarehe itakuwa laki mbili na kumi. Utapungukiwa elfu thelathini. Kwa elfu thelathini ndiyo ulitaka kumpeleka mwanamke mwenye mimba kubwa kwa mama anayemgeuza mgonjwa kitandani? Nikuambie ukweli, hapo nilitaka kuifunga barua yako nisiijibu.

Kuacha kazi futa kabisa. Andika barua mpya, fupi: siku tatu za likizo ya uzazi kwa baba, na baada yake siku kumi na nne za likizo ya mwaka. Ambatisha nakala ya kadi ya kliniki penye tarehe. Ipeleke wiki hii, sio siku ya uchungu. Zile tatu ni zako. Zile za mwaka, mzee ana haki ya kujadili tarehe kwa sababu ya msimu, kwa hiyo usiende mikono mitupu, nenda na Gidamis. Mbele ya mzee sema: "Huyu ataishika mashine, na fedha ya magunia ya siku hizo ni yake." Mtu aliyepewa wazi hana haja ya kunyang'anya. Wiki hizi saba mfundishe yale uliyokuwa unamficha, na usiniambie hakuna. Fundi gani hafichi? Na mzee akigoma hata zile tatu, ofisi ya kazi ya mkoa ipo kwa ajili hiyo, lakini sidhani kama utafika huko. Mtu anayekataa kumwombea mkeo maradhi si mtu mbaya.

Hujawahi kugonga mlango wa jirani kuomba chumvi, sawa, hongera. Sasa gonga. Mwambie mama wa nyumba ya pili kwamba kuna mtoto anakuja, na kwamba wewe uji hujui kuupika. Atakucheka kwanza, halafu atakuonyesha.

Lakini kabla ya mzee na kabla ya jirani, anza na mama Lucia. Leo jioni mwambie hatakwenda Gehandu, kisha muulize: siku hizo nikiwa nyumbani, unataka nifanye nini? Ataanza kukutajia, maji, kuni, nepi, Lucia aogeshwe, yeye ainuliwe taratibu. Wewe ni mtu wa hesabu, utatamani kupatana kama sokoni. Usipunguze hata moja.