Grisi Niliyopaka Mimi

Kaka Masanja, shikamoo.

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu namba yako haipatikani, na kila anayetoka machimboni ulikokwenda anasema hajakuona.

Ile treni ndogo ya bosi, kule shambani kwake Sengerema, bado ipo. Mgeni anakaa ametanua miguu kama kapanda punda, anapelekwa ziwani, anazungushwa kwenye migomba, anarudishwa. Sasa naiendesha mimi. Unakumbuka ulivyonicheka siku ya kwanza? "Mdogo wangu, na kitambi chote hicho, kweli utatosha humo?"

Ulinifundisha kazi vizuri. Reli ikipiga kelele kwenye kona, grisi inapakwa ubavuni, kidogo, kwa kidole. Juu usiguse. Siku ile nilikuwa nawahi kivuko. Nikachukua brashi, nikapaka juu, mpaka kwenye mteremko wa ziwani. Ukashuka na wageni, ukakamata breki, magurudumu yakateleza tu. Treni ikaacha reli. Mama mmoja akavunjika mguu.

Bosi akauliza, "Nani kafanya hivi?" Mikono yangu ilikuwa imejaa grisi. Nikaiingiza mfukoni. Ukaniangalia, halafu ukasema, "Dereva ni mimi." Akakufukuza palepale.

Kuna jingine hulijui. Nilipofika nyumbani Mkolani, mama aliniuliza kulikoni. Nikamwambia ulikuwa umelewa. Tangu siku hiyo hajakutaja jina.

Miaka sita, kaka, nakaa chumba chako, nafanya kazi yako, nazunguka njia ileile na wageni wanapiga picha. Juzi nikamwambia bosi ukweli, nikijua atanifukuza. Akasema, "Ya zamani hayo. Wageni wanafika saa nne, kawashe." Nikaenda kuwasha. Kwa umri huu, na watoto wangu bado wanasoma, nitakwenda wapi?

Jumapili nikamwambia mama. Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua kichwa. Nikasubiri anitukane. Akauliza tu, "Na yeye anajua kwamba nimejua?"

"Hajui, mama."

"Sasa unakaa hapa unafanya nini?"

Ukiisoma hii, au ukisomewa, usipite kwangu. Sidai unisamehe. Nenda moja kwa moja Mkolani, ubishe hodi. Mama anajua hukulewa.

Ubaki salama, kaka.

Mdogo wako uliyemfichia kosa