Mke Mwenza Anayekaa Kwenye Simu

Katoro, Geita

Dada yangu mpenzi Mama Limi,

Shikamoo, tena ya kupiga magoti. Hamjambo hapo Didia? Mgongo wa mama umepoa? Mvua imewakumbuka? Mimi mzima, nimenenepa, na wauza nyanya wakiniita "mke wa Maduhu" moyo unaruka hadi leo. Dada, nimeolewa! Naamka namtazama mtu huyu, nasema kweli Mungu ana wapendwa wake.

Ila nina mwenzangu. Tulia nikueleze.

Ulisikia duara lao, lile shimo la dhahabu, lilivyoporomoka likamfukia Juma, rafiki aliyekuwa akishuka naye kuchimba. Tangu hapo Maduhu wangu alinyamaza. Hali, haogi, ananitazama kama kiti. Wachimbaji wakanichokoza sokoni, "Bibi harusi, umetuletea nuksi gani?" Nililia mpaka kilemba kikalowa. Daktari akasema ni sonona, ugonjwa kama magonjwa mengine, akamuunganisha na matibabu ya kwenye simu: masomo mafupi, kazi ndogo ya kila siku, na mshauri aliyeko Dodoma anayempigia kwa video kila Alhamisi. Nikashukuru. Sikuuliza kama mshauri ni mwanamke.

Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, mume wangu akaomba michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, na karanga! Akaoga bila kusukumwa. Ningefurahi, lakini alioga Alhamisi. Akachana nywele, akavaa shati la harusi, akajifungia chumbani na simu. Mimi niko uani napepeta mchele, nasikia anaongea. Anaongea! Nikachungulia dirishani: maneno niliyoyangoja mimi anapewa mwanamke mwenye miwani. Na lile jina, "Maduhuuu," anavyolivuta, utadhani alimpa yeye.

Alhamisi iliyofuata nikajipaka mafuta, nikavaa kitenge changu kizuri, nikaingia nikaketi kando ya mume wangu mbele ya kamera.

"Shikamoo, mke mwenza," nikasema.

Yule dada akashtuka kidogo. "Marahaba, mama. Kumbe ndiye wewe? Kila wiki namuuliza Maduhu, mkeo anasemaje?"

"Mkewe hasemi, maana haambiwi."

Maduhu akacheka, dada! Akacheka mpaka simu ikaanguka kitandani. Mshauri akamuuliza kama anaridhia nibaki. Akajibu, "Mwache akae. Ukimtoa atakufuata huko huko Dodoma."

Ndipo Maduhu akanieleza ukweli. Mama mkwe alikuwa amemwonya asiniletee habari za kifo kabla sijazaa, nisije nikapata mkosi. Akanificha, akidhani ananitunza. Nikamshika mkono: "Mume wangu, niliolewa na wewe, sikuolewa na sherehe." Akaanza kusimulia pale pale: matimba, yale magogo ya kuzuia kuta, yalivyolia, Juma alivyomsukuma yeye kwanza kwenye kamba. Yule dada hakumkatiza. Hilo nilimpendea, hilo tu.

Mshauri anasema dalili ni nzuri, lakini ni mapema. Asiache masomo wala asikimbilie shimoni. Ni kweli, maana Jumatatu hakutoka kitandani kabisa, nikakaa naye bila kumsemesha. Jana kazi yake ilikuwa kwenda kumwona mjane wa Juma. Tukaenda wote. Njiani alinieleza anavyoogopa macho ya yule mama. Aliniambia mimi, dada, kabla ya yule wa kwenye simu! Nikatembea kama malkia, wale wa nuksi wananitazama.

Mama mpelekee salamu yangu ya mwangaluka. Shemeji Baba Limi mwambie bado anadaiwa ngoma aliyokataa kucheza harusini kwangu. Bibi mzaa baba mpe pole ya miguu, na Limi mbusu mashavu yote mawili.

Kesho ni Alhamisi. Atakapopiga, atatukuta wawili.

Mdogo wako anayependwa, na anayelinda chake,
Kabula