Blanketi Nyuma ya Bomba

Picha ilitoka na ukungu, Dionis. Baba kanisimulia sasa hivi, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Enzi za Mwingereza, kwenye karakana moja hapa Tabora, mzee Nikolaus aliunga bomba la mvuke. Eksirei ya kukagua kiungo ikionyesha ufa, anarudishwa kubeba makaa.

Humaidi, mpiga picha za eksirei, akabandika filamu nyuma ya bomba, akaenda kuwasha mashine.

Huku nyuma Nikolaus akapenyeza blanketi kati ya bomba na filamu. Blanketi, ndugu yangu. Alikuwa ameona studio ya mjini watu wanatundikiwa kitambaa nyuma ili wapendeze.

Kiungo kikatoka na kingo zenye ukungu, kama kivuli cha mtu aliyesimama mbali na ukuta.

"Nani kaweka hili?"

"Mimi. Nilitaka litoke vizuri."

"We Nikolaus, hili ni bomba, si bibi harusi. Filamu lazima igandamane na bomba, ndiyo picha iwe kali."

Humaidi akalitupa blanketi kwenye dimbwi la oili, akapiga upya. Kila ukingo ukaonekana, ufa hakuna. Mzee akabaki na kazi yake.

Hasara: filamu moja, blanketi la mkewe, na kuku wawili wa kumtuliza mke huyo.