Ngumi ya Acidri na Soda ya Mjomba

Manibe, Arua
3 Machi 2025

Dada Prossy,

Hujambo huko Koboko? Watoto wazima? Mimi mzima kupita kiasi. Kutoka Arua Hill mpaka Kongo hakuna mwanaume wa kula ngumi yangu halafu akumbuke jina la mama yake. Dume la ng'ombe la Amandu nililitandika moja usoni, sasa likiniona linasimama wima kama askari. Uliza watu!

Nakuandikia kwa karatasi, nampa Yengi wa lori, kwa sababu simu yangu Mjomba Anguyo ameikanyaga ikawa unga. Ndiyo, Mjomba wetu yule mpole! Jumamosi tulikuwa tunapalilia mihogo. Unajua tangu mkewe Santina afariki hali chakula vizuri. Ghafla akaanza kutetemeka, jasho likamtoka, akamwita jirani Ladu mwizi, akamrushia jembe. Sikio la Ladu likabaki linaning'inia, damu mpaka kiunoni. Nikamrukia, akaniuma mkono, nikamlaza kwa kofi moja. Kofi tu, nina heshima.

Kumbe Elena, mke wa Ladu, akaja na uji wa sukari akamnywesha. Huruma gani hiyo? Baada ya muda Mjomba akakaa, akauliza, "Nani alimukata Ladu?"

Sukari ya nyumbani nimeificha yote, si ana ugonjwa wa sukari? Watu wanasema ni pombe kali, ni waragi. Vijana wameapa, akirudia watamfunga kamba wampige mpaka basi.

Mdogo wako, dume la Manibe,
Acidri

Koboko
6 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima, mkono wako unaendeleaje? Lile dume la Amandu nalijua, ni ndama.

Mjomba hajawahi kugusa waragi. Uji ule wa Elena ndio uliomrudisha, wewe huoni? Tafuta dawa zote anazomeza, hata za kufichwa, uniandikie majina. Na sukari irudishe mezani, bwege wewe.

Dada yako,
Prossy

Manibe
9 Machi

Dada yangu mkali,

Salamu nyingi, pumua kwanza. Vidonge vya sukari vya kliniki yenu Koboko viko mezani, vinaitwa glibenclamide. Lakini mimi mpelelezi! Ndani ya buti lake la zamani la jeshi nimekuta vingine, fluoxetine, vya Arua, vya mwezi uliopita.

Alinikuta navyo. Alinikaba koo nikaona nyota mchana. "Ukisema kwa mutu nitakuua! Watasema Anguyo iko wazimu." Halafu akaniachia, akakaa chini, akalia. Ni vya huzuni, Dada. Mjomba hakumwambia daktari wa Arua habari ya sukari, na Koboko hakusema habari ya huzuni.

Mpelelezi wako,
Acidri

Koboko
12 Machi

Acidri,

Natumaini koo limepona. Nimempelekea nesi Harriet majina yale. Anasema kila dawa ni nzuri, na watu wengi humeza zote mbili bila shida, ila daktari lazima ajue. Ile ya huzuni inaweza kuzidisha nguvu ya ile ya sukari, na Mjomba anameza bila kula. Sukari inashuka mno, ubongo unakosa chakula. Mtu anatetemeka, anatoka jasho, anatukana, anapigana, baadaye hakumbuki.

Asiache hata moja kwa kichwa chake. Nikija wiki ijayo tutampeleka na pakiti zote, wampime, wapange upya. Sasa hivi ale kabla ya kwenda shambani. Wewe tembea na soda yenye sukari. Akianza, mpe hapo hapo. Akishindwa kumeza usimmiminie, mkimbize hospitali. Asipopata sukari anaweza kufa.

Na usimpige. Nakuomba.

Prossy

Koboko
24 Machi

Mdogo wangu,

Nimefika salama kutoka hospitali Arua. Mjomba ataishi, ashukuriwe Mungu na yule mwenye pikipiki aliyemkimbiza hospitali. Kwa taya lile lililofungwa waya atakula uji wa mrija muda mrefu. Daktari amebadilisha dawa ya sukari, ya huzuni ameiacha ileile, na watampima mara kwa mara.

Uwanja wote wa mpira wa Onduparaka unakusifu. Wanasema Mjomba alikuwa anakuja kukuchoma kwa chupa iliyovunjika. Mwenyewe hakumbuki kitu, ila kwa alivyoambiwa aliniandikia kwa kidole mkononi: Acidri aliniokoa. Lakini wewe hukuniangalia usoni hata mara moja. Kwa nini?

Dada yako

Manibe
27 Machi

Dada,

Sijui nikusalimie vipi. Mzima, nadhani.

Jumapili ile kabla hujaja nilimpeleka mpirani. Alimeza dawa, chakula akasema baadaye, nikamwachia. Kipindi cha pili akavunja chupa, akampasua Ayiko, golikipa wetu, kutoka jicho mpaka kidevu. Watu wakapiga kelele, "Acidri! Ngumi! Ngumi!"

Soda ilikuwa mkononi mwangu, nimeshaifungua. Niliona jasho. Niliona anavyotetemeka. Nilijua, barua yako ilikuwa mfukoni. Lakini uwanja mzima ulikuwa unaita jina langu.

Nilipiga. Taya lilivunjika kama muhogo mkavu. Halafu ndipo nikampa soda, ikarudi na damu na meno, hakuweza kumeza, macho yakageuka.

Chupa alikuwa ameshaiangusha, Dada. Mkono alionyoosha haukuwa wa kunichoma. Alikuwa anaomba soda.

Acidri