Nilidanganya Kwamba Niliishi Uswisi, Sasa Ukoo wa Mke Wangu Unanifuata Kwenye Theluji

Bi Mwatumu mpendwa, naomba msaada, na naomba unijibu upesi kuliko kawaida yako, kwa sababu safari ni tarehe saba mwezi wa saba, mwaka huu huu wa 2017, na ndani ya gari atakuwemo mama mkwe wangu mwenye miaka sabini. Majina nimeyabadilisha yote isipokuwa la binti yangu, hilo nililiandika kwa mazoea na kalamu haifutiki, tafadhali libadilishe wewe.

Niite Lambert, mtu wa Bukavu, fundi simu hapa Yeoville, mke wangu Léocadie anasuka nywele barabara hiyo hiyo, na tuna mtoto mmoja, Shekinah, wa miaka tisa. Kosa langu nililifanya mwaka 2006 wakati namtongoza Léocadie, maana kulikuwa na kijana mwingine, Pitchou, aliyetoka Ubelgiji na jaketi la ngozi linalofika magotini, na mimi nilikuwa na mashati mawili, na Léocadie aliponiuliza ile miaka miwili niliyopotea nilikuwa wapi, mdomo wangu ukasema Uswisi kabla sijaushauri. Ukweli ni kwamba nilikuwa Nakonde, mpakani mwa Zambia na Tanzania, napakua magunia ya mahindi. Basi ukishasema Uswisi lazima useme na mji, nikasema Geneva, na ukishasema mji lazima useme ulikuwa unafanya nini mwisho wa wiki, nikasema tulikuwa tunapanda milimani kuteleza kwenye theluji kwa ski, na kwamba mwalimu alisema hajawahi kuona Mwafrika mwenye magoti kama yangu. Pitchou akashindwa. Tukaoana, na kwa miaka kumi Uswisi yangu ikakaa nyumbani kimya kama mgeni asiyekula sana.

Sasa yupo shemeji yangu Évariste, kaka yake Léocadie, anauza samaki wa barafu, Mungu amemfungulia, na mama yao, Mama Marcelline, alizaliwa Mutwanga chini ya mlima Ruwenzori, utoto wake wote alikuwa anaona weupe kule kileleni na hakuna mtu aliyewahi kumpeleka, na mwaka huu alipofikisha sabini alisema hataki keki wala kitenge, anataka kuushika ule weupe kwa mkono wake. Évariste akakodi nyumba siku nne kwenye milima ya theluji, upande huu wa Eastern Cape, bila kuvuka mpaka wa Lesotho maana karatasi zetu sisi wageni unazijua zilivyo, watu tisa, yeye na mke wake na watoto wao watatu, mama, na sisi watatu, malazi yeye, nguo kila mtu ajitegemee. Halafu mezani, mbele ya wote, akaniwekea mkono begani akasema, "Shemeji ndiye aliyeishi huko. Yeye atatuvalisha."

Nilipaswa kukiri hapo hapo. Nilisema, "Sharp, hakuna shida."

Tangu siku hiyo kila Jumamosi naongoza msafara kwenda Dunusa, kule mjini nguo za mitumba zinakomwagwa chini na wewe unainama, na mimi nainama mbele kama kiongozi, nashika jaketi, nalinusa, nalivuta zipu, nasema hili la Italia, hili la Ufaransa, hili liache. Bi Mwatumu, mimi sijui kitu. Niliwaambia suruali ni jinzi, kwa sababu jinzi ni nzito, na wote tisa tuna jinzi, na mchungaji wetu amezibariki Jumapili iliyopita zikiwa zimekunjwa kwenye begi. Nilimwambia Mama Marcelline kwamba wazee wa Uswisi huvaa gambuti, akanunua za kijani. Nilisema miwani ya fundi wa kuchomelea vyuma inatosha. Nilisema mafuta ya jua ni ya ufukweni. Kisha kwenye majaketi matatu tukakuta ndani, usawa wa kiuno, kuna kisketi kifupi chenye mpira na vifungo, na wote wakaniangalia, nikasema hicho ni cha wanawake, nikachukua mkasi nikakikata kwenye majaketi ya wanaume. Léocadie aliokota vile vipande, akavikunja, akaviweka kwenye mfuko wa plastiki. Jioni akaniuliza, "Papa Shekinah, Uswisi mlikuwa mnalipa kwa pesa gani?" Nikasema euro. Akasema, "Haya."

Yote hayo ningeyavumilia, lakini Jumamosi hii Évariste alisema tufanye majaribio, tuvae kila kitu tuingie kwenye chumba chake cha baridi cha samaki, dakika ishirini. Tukaingia watu tisa, na mlango akaufunga msaidizi wake wa dukani, mama mmoja anayecheka kwa urahisi, tulimsikia. Ndani tukasimama katikati ya makatoni ya samaki. Dakika ya tano Mama Marcelline akasema gambuti zimekuwa chuma. Dakika ya nane jinzi ya mtoto wa Évariste, aliyekalia barafu, ikalowa, kisha ikakauka kwa kuganda, akawa anatembea kama mlango. Mimi nikasema vizuri, vizuri, ndivyo inavyokuwa. Dakika ya kumi Shekinah akanyoosha mikono yake, nilimpa glavu za pamba, akasema kwa sauti ndogo, "Papa, my fingers are gone." Nikamvua glavu. Vidole vilikuwa vyeupe kwenye ncha, Bi Mwatumu, vidole vya mtoto wangu mwenyewe, nikaviweka kinywani mwangu kimoja kimoja huku Évariste anagonga mlango tufunguliwe.

Nje, wote wakikanyaga chini kupasha miguu joto, Évariste aliniuliza, "Shemeji, kama hapa ni hivi, huko itakuwaje?" Na mimi, badala ya kukiri, nilimjibu, "Hii ni baridi ya samaki. Ya theluji ni tofauti, ni kavu." Na wakanielewa. Hicho ndicho kinachoniua. Mama Marcelline alitikisa kichwa akasema, "Ni kweli, samaki ana maji."

Tangu hapo sili. Nikisema ukweli nitapoteza heshima kwa mke, kwa shemeji, kwa mama mkwe, na Pitchou bado yuko Facebook. Nikinyamaza, nitawagandisha watu tisa nikiwemo mimi. Nimefikiria kuvunja mguu wangu kidogo. Nifanye nini?

Mwenye magoti ya Uswisi,
Yeoville

*

Mwenye magoti,

Jina la mtoto nimelibadilisha. Mguu usiuvunje. Utabebwa kwenye gari hivyo hivyo, utawekwa kwenye kiti mbele ya dirisha, na utaendelea kutoa maagizo.

Barua nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Mayfair, mji mmoja na wewe, ni za waume waliodanganya, na karibu wote walidanganya kuhusu mwanamke. Wewe umedanganya kuhusu hali ya hewa. Nakuonea huruma, maana kijana mwenye mashati mawili akisimama karibu na jaketi la ngozi lazima aseme kitu. Lakini huruma yangu inaishia mlangoni mwa chumba cha samaki. Mtoto amekuonyesha vidole vyeupe na wewe umetoka nje kutunga elimu ya baridi. Hapo ungekuwa mwanangu ningekupiga kwa gambuti ya mama mkwe wako.

Unaogopa mkeo atajua. Bwana wee, Uswisi hawatumii euro. Wanatumia faranga zao, na mkeo anashinda saluni, mahali ambapo kila kichwa kinachosukwa kina ndugu Ulaya. Aliuliza swali ambalo jibu lake alikuwa nalo, akasema "haya", akaenda zake. Na vile vipande vya visketi alivihifadhi. Mwanamke anayeamini mkasi wa mume wake hutupa vipande. Mkeo anajua, sijui tangu lini, na amekuachia nafasi ya kusema mwenyewe kabla theluji haijakusemea. Nafasi hiyo haitabaki wazi mpaka tarehe saba.

Kwa hiyo leo, si Jumamosi, mwambie yeye kwanza, mkiwa wawili. Usianze na Pitchou. Ukianza na Pitchou utakuwa unajitetea. Anza na Nakonde. Halafu mwende pamoja kwa Évariste, na kwa Mama Marcelline uende umevua kofia. Watakucheka. Kuchekwa hakuui mtu, baridi inaua.

Sasa nguo, maana heshima bila suruali haitakusaidia. Mimi ni mtu wa Tanga, theluji nimeiona kwenye friji tu, kwa hiyo nimempigia simu Emérite, dada wa Kirundi aliyefanya kazi ya kukodisha vifaa huko milimani misimu mitatu. Nilipomsomea barua yako aliomba nisubiri kidogo, kisha akarudi kwenye simu. Anasema jinzi zote zibaki nyumbani, zilizobarikiwa na zisizobarikiwa. Pamba inakunywa jasho na theluji, ikishalowa inakugandisha. Mwilini ianze nguo ya kubana ya sufu au ya nailoni, juu yake sweta nzito, juu kabisa jaketi na suruali visivyopitisha maji. Suruali za namna hiyo huko juu wanakodisha, pamoja na ski, viatu vyake na helmeti, kwa hiyo usithubutu kununua ski Dunusa hata ukizikuta. Soksi ni jozi moja, ndefu, ya sufu. Ukivaa mbili kiatu kinabana, damu haishuki, vidole vinaganda. Watoto wavae glavu nene zisizopitisha maji, zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja, na kila mtoto awe na jozi ya pili mfukoni. Kwa miwani ya kuchomelea vyuma mtoto hataona mti mpaka aufikie, nunueni au mkodi miwani ya theluji. Na mafuta ya jua yanatakiwa, mengi, mpaka chini ya kidevu, kwa sababu theluji inarudisha jua usoni kama kioo, na weusi wetu haututetei.

Mama Marcelline hahitaji ski, anahitaji buti zenye soli inayokamata, kubwa kidogo kuliko mguu wake, na kabla ya safari apimwe presha kliniki, maana huko ni juu sana na hewa ni nyembamba.

Visketi ulivyokata vinazuia theluji isiingie kiunoni mtu akianguka. Ni vya wanaume pia. Mwombe mkeo ule mfuko wa plastiki, utafute sindano, uvishone mwenyewe. Ukifika, ujiandikishe darasa la wanaoanza, na mtu akikuuliza jambo usilolijua, useme hulijui.

Bi Mwatumu

*

Ujumbe huu ulifika kwenye simu yangu tarehe kumi na tatu Julai. Nimeruhusiwa kuuchapisha.

Bi Mwatumu, tumerudi. Nilimwambia Léocadie Alhamisi ile uliponijibu, alikuwa anachambua sombe, yale majani ya muhogo, nikasema sikuwahi kufika Uswisi, nilikuwa Nakonde napakua mahindi. Akaendelea kuchambua. Akasema anajua tangu mwaka 2009, binamu yake alinikumbuka kwenye magunia. Kisha akaniuliza Nakonde nilikuwa nalala wapi, na nakula nini, na nani aliniuguza nilipopata malaria, na mimi nikaanza kusema, na sikujua kama nilikuwa na mambo mengi hivyo ya kusema, sombe haikupikwa siku hiyo, tulikula mkate.

Évariste alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe hakucheka, alidai nimrudishie gharama ya gambuti, nikamrudishia. Jinzi zilibaki. Visketi nimevishona, mshono ni mbaya lakini umeshika.

Theluji tuliikuta. Mama aliichota kwa mkono bila glavu ingawa tulimkataza, akaikaza, akaionja, akasema haina ladha, kisha akabaki ameishika mpaka ikaisha yote mkononi. Mimi niliwekwa darasa moja na Shekinah na watoto wengine wadogo. Nilianguka mara kumi na nne. Shekinah mara tatu, na vidole vyake vilikuwa vya moto muda wote, nilikuwa navikagua mpaka mwalimu akaniambia inatosha.

Léocadie alisimama kwenye uzio na simu yake, amenirekodi kila nilipoanguka. Nilipofika kwake nimejaa theluji mpaka kwenye nyusi, nikamwambia afute hiyo video kabla Pitchou hajaiona. Akaiweka simu mfukoni akavuta zipu.

"Siifuti," akasema. "Hii nimeiona mwenyewe."